Mama wa Aproni ya Bluu

Gazeti la mkoa lilifika Jumanne asubuhi, na Lahja Rautakoski, kama kawaida yake, alianza na ukurasa wa vifo. Wiki hiyo hakukuwa na mtu anayemjua. Akafungua kurasa za ndani huku akitafuna mkate wa iliki, na hapo, chini ya picha ya kikombe kinachofuka mvuke, akaona jina la mwanawe.

"Mirva!" alipaza sauti kuelekea ghorofani. "Mirva, shuka! Ilkka yumo gazetini!"

Mkwewe alishuka mbio, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, akidhani ni ajali. Lahja alimsogezea gazeti na kugonga kidole juu ya kichwa cha habari: Blogu Kumi Ambazo Mpenda Kahawa Asizikose. Ya tatu kwenye orodha ilikuwa Birika Jeusi, inayoandikwa na Ilkka Rautakoski wa Lehtiperä. Mwandishi wa gazeti aliisifu kwa ulimi mkali na mzaha mkavu, akamshauri msomaji mgeni aanze na makala ya Januari ambayo, alisema, ilikuwa imesomwa na watu elfu arobaini.

"Elfu arobaini!" alisema Lahja. "Mji wetu mzima una watu elfu tatu, tena umewahesabu na waliolala makaburini."

Mirva aliusoma mstari ule wa makala ya Januari mara mbili. Kisha akaketi kwenye ngazi na kuvaa soksi ya pili polepole, kama mtu anayetafuta la kusema.

"Mama, haya mambo ya blogu ni ya vijana," alisema mwishowe. "Usijisumbue nayo."

"Nisijisumbue? Mwanangu ni wa tatu nchi nzima!"

Ilkka alikuwa uani akipiga koleo theluji. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Tangu kiwanda cha fremu za madirisha kifungwe, yeye na Mirva walihamia ghorofa ya juu ya nyumba ya mama yake, na huko alikuwa na chumba kidogo chenye mashine ya kusagia kahawa, mizani na kipimajoto, na dirisha linalotazama barabara ambayo haipiti mtu. Mirva alihudumia wazee majumbani mwao. Mshahara wake ndio ulioendesha maisha yao huko juu. Ilkka aliandika.

Lahja alitoka nje bila koti akamkumbatia mwanawe. Katika nyumba ile watu hawakuwa na mazoea ya kukumbatiana, kwa hiyo Ilkka alibaki ameshika koleo lake, asijue aliweke wapi.

"Ni orodha tu, mama."

"Orodha tu! Baba yako angeikata akaibandika karakana. Nataka niisome hiyo ya Januari."

"Utaisomaje, na huna kompyuta?"

"Nitajua mwenyewe."

Hapo ndipo angepaswa kusema. Mama yake alikuwa amesimama mbele yake na viatu vya ndani kwenye theluji, anacheka, na maneno yalikuwa machache tu: usiisome hiyo, mama, nitakueleza. Badala yake akamwambia aingie ndani asije akashikwa na mafua, akaendelea kupiga koleo mahali ambapo alikwisha kupasafisha.

&nbsp;

Siku ya pili yake Lahja alikwenda maktaba kabla ya kikundi cha ufumaji. Mkutubi, Outi, aliitafuta makala kwenye kompyuta yake, akasoma mistari michache, kisha akavua miwani.

"Lahja, labda ungeisoma kwanza nyumbani, umetulia."

"Nitaisoma na wenzangu. Chapisha tu, dada."

"Ni ndefu kidogo."

"Ndiyo vizuri. Chapisha kwa herufi kubwa."

Outi akachapisha. Hakutaka hata kuchukua senti za karatasi, na Lahja alidhani hiyo nayo ni heshima kwa ajili ya mwanawe.

Wanawake wa ufumaji hukutana kila Jumatano katika ukumbi wa kanisa, kwenye meza iliyo karibu na dirisha la jiko. Jiko hilo lilikuwa la Lahja kwa miaka ishirini na sita. Harusi, vipaimara na mazishi, watu walikunywa kahawa ya mkono wake, na ufunguo wa mlango wa nyuma ulikaa kwenye mkoba wake. Siku hiyo aliwamiminia wote kahawa kwanza, akakata mkate, ndipo akasimama na karatasi kama msichana wa shule.

"Haya, wekeni sindano chini. Mwanangu atawaburudisha."

Sirkka, ambaye sikio lake la kushoto halikusikia kabisa, alivuta kiti mbele. Pirjo, jirani wa miaka mingi, aliendelea kufuma. Alikuwa na wajukuu, na wajukuu walikuwa na simu. Alijua kuna kitu, ila hakujua ni kitu gani hasa.

Lahja alisoma kwa sauti ya juu, akitulia kila kwenye nukta:

"Nimewahi kunywa kahawa ya garimoshi, kahawa ya hospitali, na kahawa ya gereji iliyokuwa na unywele ndani. Leo naziomba zote radhi. Jumamosi iliyopita, katika ukumbi wa kanisa wa mji mdogo nisioutaja, nilikutana na bibi yao."

Wanawake walicheka. Lahja naye alicheka, akafuta jicho.

"Kulikuwa na mazishi. Marehemu alikuwa na bahati: ni yeye peke yake ambaye hakulazimika kunywa."

"Lo, huyu mtoto!" alisema Sirkka na kupiga meza. "Endelea, endelea!"

"Wengine wote tulikamatwa. Mama mmoja wa aproni ya bluu alipita na birika lake la bati kama askari wa zamu. Hakuuliza kama unataka. Alitazama tu kama kikombe chako kina nafasi."

Sauti ya Lahja ilipungua alipofika kwenye neno nafasi. Sindano za Pirjo zilisimama. Kwenye ndoano ya mlango wa jiko, mbele ya macho yao wote, aproni ya bluu ilikuwa inaning'inia, na birika la bati lilikuwa katikati ya meza, bado linatoa mvuke.

"Mbona umenyamaza?" alisema Sirkka. "Inachekesha sana! Huyo mama wa birika, ninamwona kabisa! Soma!"

"Sirkka," alisema Pirjo.

"Nini? Si asome! Kahawa yenyewe ilikuwaje?"

"Sirkka, nyamaza!"

Lahja alikunja karatasi mara moja, mara mbili, mara tatu, hadi ikawa ndogo kama bahasha ya dawa, akaitia mkobani. Akaketi, akashika soksi aliyokuwa akiifuma. Baada ya muda aliinua kichwa akavitazama vikombe vyao, kimoja baada ya kingine. Wote waliona anatazama nini. Pirjo akabeba kikombe chake akanywa chote kwa mpigo mmoja, kahawa ikiwa bado moto, na machozi yakamtoka.

&nbsp;

Ilkka alipomuuliza jioni kama kikundi kilikuwa kizuri, Lahja alijibu kwamba soksi za parokia zimefika jozi arobaini. Asubuhi yake Ilkka alikuta kwamba mama yake ameacha kupika kahawa. Alikuwa ameketi mezani na kikombe cha maji ya moto.

"Unaumwa, mama?"

"Hapana."

"Kahawa imekwisha?"

"Ipo kabatini. Wewe ndiye mwenye kuijua, jipikie."

Ilkka akapanda juu, na Mirva alikuwa anamsubiri mlangoni na koti lake la kazi.

"Ameisoma," alisema Mirva. "Pirjo amenipigia simu. Ameisoma mbele ya wanawake tisa, Ilkka. Kwa sauti. Akidhani anakutangazia sifa."

"Yote?"

"Mpaka kwenye aproni."

Ilkka aliketi kitandani. "Sikutaja jina. Sikutaja hata mji."

"Hukutaja! Kuna aproni ngapi za bluu Lehtiperä?"

"Ilikuwa utani. Watu wa Helsinki ndio wanaonisoma, sikudhani..."

"Ulidhani hapa hatujui kusoma." Mirva alifunga vifungo vya koti akakosea kimoja. "Nilikwambia Januari uifute. Ukasema watu wanaipenda."

&nbsp;

Katika wiki mbili zilizofuata, Ilkka alijifunza jambo ambalo hakuna aliyewahi kulazimika kulijua pale mjini: namna ilivyo kuingia nyumba ya mtu usipewe kahawa. Lehtiperä hata fundi wa mabomba hupewa kahawa kabla hajafungua mkoba wake. Hata anayekuja kudai kodi hupewa.

Alikwenda kwa Veikko, rafiki wa marehemu baba yake, kuazima keekee ya kutobolea mbao. Kahawa ilikuwa jikoni, inanukia nyumba nzima. Veikko alimwonyesha kiti, akafungua bomba, akamwekea glasi ya maji mezani.

"Veikko, kahawa hiyo nayo..."

"Hii?" Mzee aligeuka akaitazama kahawa yake kama kitu alichokisahau. "Hii si ya kiwango chako, bwana mwandishi. Ni ya sisi tunaozika watu."

Ilkka alikunywa maji. Yalikuwa baridi hadi yakamuuma meno, na Veikko hakuondoka hadi glasi ikawa tupu.

Kwenye kituo cha mafuta ilikuwa afadhali kidogo, kwa kuwa huko walisema waziwazi. "Mpisheni, mpisheni, mkaguzi amekuja!" madereva wa malori walipiga kelele, na mwanamke wa kaunta akafunika mashine kwa kitambaa. Wote wakacheka. Ilkka naye alijaribu kucheka.

Lakini kilichomvunja Mirva kilitokea kwa Kaisu, bikizee wa miaka tisini na mmoja ambaye Mirva alikwenda kumwogesha kila Alhamisi. Kaisu hakuwa na mtu. Katika miaka mitatu ya kumhudumia, Mirva alipofika alikuta vikombe viwili vimekwisha pangwa, na kahawa nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo, ambayo mikono ya Kaisu ilitetemeka kuimimina. Alhamisi hiyo meza ilikuwa tupu. Birika lilikuwa chini ya sinki, limefunikwa kwa taulo.

"Bibi, leo hatunywi?" aliuliza Mirva.

"Aa, mwanangu. Yangu si nzuri. Nimesikia siku hizi kuna watu wanapima."

Mirva alirudi nyumbani akamsimulia mumewe hadithi hiyo akiwa amesimama, funguo mkononi. Hakulia. Alisema tu, "Chini ya taulo, Ilkka. Kama mtu anayeficha pombe."

&nbsp;

Simu kutoka Helsinki ilikuja siku hiyohiyo, saa kumi alasiri. Ilikuwa kampuni ya kukaanga kahawa. Mwanamke aliyepiga alijitambulisha kwa jina la Katariina na sauti yake ilijaa kicheko. Walikuwa wameiona orodha. Walitaka makala kumi za aina ile: ukumbi wa kanisa huku, kituo cha basi kule, kahawa mbovu za nchi nzima, na mwishoni mwa kila makala mkebe wa kahawa yao. Mkataba wa mwaka mmoja. Alipotaja mshahara, Ilkka alishika ukingo wa meza. Ulikuwa mara moja na nusu ya ule wa kiwandani.

"Na yule mama wa aproni bado yupo?" aliuliza Katariina. "Tungempata kwa picha ya kufungulia mfululizo. Tutamlipa, bila shaka. Uso wake tu na birika."

Ilkka alitazama nje. Mama yake alikuwa anavuka ua kutoka kwenye banda la kuni, amebeba magogo manne, akitembea kwa hatua fupi juu ya barafu.

"Nitafikiria," alisema.

Mirva alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia.

"Utafikiria nini?"

"Ni kazi, Mirva. Ni kazi ya kweli. Miaka miwili nimekaa hapa ninakula jasho lako..."

"Mimi nimekudai?"

"Hujanidai. Ndiyo inauma zaidi."

"Wamesema wanataka picha yake, ukasema utafikiria." Mirva alikuwa anamtazama kama mtu aliyeshika jiwe na kugundua ni zito kuliko alivyodhani. "Shuka chini ukamwombe. Kama unaona ni kitu cha kufikiriwa, shuka umuulize mwenyewe: mama, watakulipa kiasi fulani, wanataka uso wako."

Kilichomtia Ilkka aibu zaidi baadaye, na ambacho hakumwambia mtu yeyote, ni kwamba kwa muda mfupi, dakika moja labda, alikuwa amefikiria kweli namna ya kumuuliza.

&nbsp;

Alishuka saa kumi na moja, jua likiwa bado juu ya paa la Veikko. Alikuwa amejiandaa kuomba radhi. Alikuwa ameyapanga maneno kwenye ngazi. Lahja alikuwa mezani. Mbele yake zilikuwa zile karatasi za maktaba, zimenyooshwa kwa kiganja, mikunjo ikionekana.

"Mama, nimekuja..."

"Keti. Miwani yangu haifai kwa herufi hizi. Nisomee iliyobaki."

"Mama, tafadhali. Nitaifuta leo hii."

"Elfu arobaini wameisoma. Mimi nimeishia kwenye aproni. Soma tangu mwanzo."

Alisoma. Sauti yake ilikuwa ya chini, na mara mbili Lahja alimwambia apandishe. Garimoshi, hospitali, gereji. Alipofika kwa askari wa zamu, mama yake alicheka, kicheko kifupi cha kweli kilichomtoka puani.

"Baba yako Taisto naye alikuwa akiniita hivyo. Koplo," alisema. "Endelea."

"Nilikuwa wa kwanza kuingia ukumbini, kwa kuwa nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio," alisoma Ilkka, "na harufu ilinipokea mlangoni kama mbwa asiyefungwa."

"Subiri. Ulikuwa wa kwanza kuingia?"

"Ndiyo."

"Sisi tulikuwa bado kaburini?"

"Mlikuwa bado. Nilikuwa sihisi vidole, mama."

"Haya. Soma."

"Kahawa hiyo ilikuwa imechemka tangu enzi za vita. Ilikuwa nyeusi kama lami, chungu kama..."

"Robo tatu ya saa," alisema Lahja.

Ilkka aliinua macho.

"Ilichemka robo tatu ya saa. Miaka ishirini na sita, kila mazishi, naondoka kaburini kabla ya wimbo wa mwisho ili nije kuishusha jikoni. Sijawahi kusikia wimbo wa mwisho wa mtu yeyote wa mji huu. Pirjo aliniambia, leo tunamzika mumeo, niachie mimi. Nikasema hapana, Taisto hawezi kwenda kwa kahawa ya mkono mwingine, nitawahi. Nikawa kaburini na miguu ikakataa. Nikajua kahawa inaungua. Nilikuwa najua kabisa. Nikasema moyoni, labda kuna mtu ametangulia, atainusa, ataishusha."

Kuni zilipasuka ndani ya jiko.

"Kutoka mlangoni hadi jikoni pale ni hatua kumi," alisema Lahja. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayempa mgeni maelekezo.

Ilkka alikuwa ameinamisha kichwa hadi kidevu kimegusa shati. Aliikumbuka harufu ile. Aliikumbuka kwa sababu alisimama pale mlangoni, akiwa na koti, akiitafutia maneno.

"Imebaki sehemu gani?" aliuliza mama yake.

"Imebaki mwisho tu. Mama, usinilazimishe."

"Soma."

Alisoma, na kila neno lilitoka kama mwiba unaong'olewa. "Mwishoni yule mama aliniinamia, akanijazia kikombe kwa mara ya tatu, akanong'ona: Kunywa, mwanangu, itakutia nguvu. Nikanywa. Nguvu bado ninaisubiri."

Lahja alichukua karatasi kutoka mikononi mwake akazipanga sawasawa.

"Ulikuwa mweupe kama shuka," alisema. "Watu wote walikuwa wanalia na wewe ulikuwa unatazama kikombe. Nikaogopa utaanguka. Ndiyo maana nilikuja mara tatu."

"Mama, nisamehe."

"Utani wa kahawa nimeusamehe tangu Jumatano ile. Iliungua, ni kweli iliungua. Lakini umemwita marehemu mara sita, nimehesabu na wewe ukisoma. Marehemu, marehemu. Kama mtu aliyeokotwa barabarani. Jina lake hulijui?"

Lahja akainuka kuongeza kuni.

&nbsp;

Hakuifuta. Kuifuta, alimwambia Mirva, kungekuwa kutoroka mara ya pili. Aliiacha ilivyokuwa, na juu yake, kabla ya garimoshi na hospitali, akaongeza maneno haya: "Marehemu niliyemtania hapa ni Taisto Rautakoski, seremala, baba yangu. Aliyepika kahawa ni Lahja, mjane wake, mama yangu. Iliungua kwa sababu hakuweza kumwacha kaburini. Mimi nilitangulia ukumbini, nikaisikia harufu, na sikuishusha."

Aliyasoma mbele ya mama yake kabla ya kuyaweka. Lahja alisema seremala inatosha, lakini Taisto alipenda aitwe fundi. Ilkka akabadilisha.

Katariina alipiga simu siku ya tatu. Kicheko hakikuwamo. Alisema anaelewa, kila mtu ofisini anaelewa, ila maneno yale ya juu yanaua utani. Je, hayawezi kwenda chini, mwishoni kabisa, au kwenye ukurasa mwingine? Ilkka alisema hapana. Katariina akasema basi watawasiliana, na hawakuwasiliana. Wasomaji nao walibadilika: wengine walimwandikia kwamba ni jasiri, na hao ndio waliomtia aibu zaidi, kwa kuwa alijua Mirva alikuwa amemwonya tangu Januari. Mmoja wa mji wa Turku aliandika mstari mmoja tu: hatua ngapi kutoka mlangoni hadi jikoni? Msomaji huyo alidhani anatania tu. Ilkka akamjibu: kumi.

Lahja alirudisha ufunguo wa jiko kwa mchungaji mwezi Aprili. Mchungaji alimsihi, Pirjo alimsihi, hata Veikko alikuja na kofia mkononi. Hakukubali. Alisema hana kinyongo na mtu, ila sasa anataka kusikia nyimbo za mwisho. Ukumbi ulinunuliwa mashine ya kahawa ya kubonyeza kitufe. Kwenye mazishi yaliyofuata alisimama kaburini hadi mwisho kabisa, akaimba beti zote, kisha akaenda ukumbini akakaa kwenye meza ya wageni, na mikono yake haikujua ifanye nini.

Majira ya kuchipua Ilkka alipata kazi kwenye kiwanda cha mbao, kilomita thelathini na tano kutoka nyumbani, ya kupanga magogo kwa zamu. Blogu hakuandika tena. Veikko alimpa kahawa mwezi Mei, bila kusema kitu, na ilikuwa chungu, naye alikunywa vikombe viwili. Ilimchukua Mirva hadi majira ya joto kumrudisha Kaisu kwenye mazoea yake ya kupanga vikombe viwili. Ilibidi aje na kahawa yake mwenyewe mbovu kwanza, wacheke pamoja.

Na Lahja alianza kupika tena pale nyumbani. Kila asubuhi saa kumi na moja, kabla Ilkka hajaondoka kwenda kazini, anakuta kikombe chake kimejaa na mkate kando. Mama yake hazungumzi tena habari ile, na akitajiwa anabadilisha mazungumzo. Wanaongea kuhusu barabara, kuhusu paa, kuhusu nani amekufa. Mtu akiwatazama atasema yamekwisha.

Ila sasa, akishamwekea kikombe, haendi kwenye jiko lake kama zamani. Anasimama palepale, kitambaa mkononi, akitazama mdomo wa mwanawe, naye, mwanamke aliyewanywesha watu wa mji mzima kwa miaka ishirini na sita asimuulize yeyote, anauliza:

"Inanyweka?"

Ilkka husema ndiyo, mama, inanyweka, nzuri sana. Huku akitazama meza.